Mechi Isiyochezwa

Timu tunayoiita leo Mazembe ilizaliwa shuleni. Mwaka 1939, wamisionari Wabenedikto wa shule ya Mtakatifu Bonifasi, mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, waliianzisha kwa ajili ya wanafunzi wao.

Mwaka 1967, ikiitwa Englebert, ilifika fainali ya klabu bingwa za Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Zilitoka sare 1-1 kule Kumasi, kisha 2-2 huku Kongo. Ikapangwa mechi ya tatu, nchini Kameruni. Kotoko hawakutokea, na kombe likapewa Englebert. Waghana husimulia kwamba habari haikuwafikia wachezaji. Je, waliogopa? Katika mashindano ya mwaka 1970 timu hizo zilikutana tena fainali, na Kotoko wakashinda 2-1 katika ardhi yetu.

Hukumbuka kisa hiki kila timu ya kijiji jirani inapokosa kufika hapa Nyabiondo na wengine wakapaza sauti: "Wametukimbia!" Mimi huuliza kwanza kama njia ilipitika na ujumbe ulifika. Pointi tuzichukue, ndiyo sheria. Heshima ya ndugu asiyefika tusiiguse. Tumtumie salamu, tupange siku nyingine.