Nilimnunulia nyoka nyumba, akahama usiku huohuo

Wacha nianze na aibu yangu ndio mnicheke mapema tumalizane. Kizimba cha kwanza nilichomnunulia nyoka kilidumu usiku mmoja. Na hakikuvunjika! Asubuhi kilikuwa kizima kabisa, kufuli imefungwa, maji yako kwenye kibakuli, kila kitu mahali pake isipokuwa nyoka.

Nyoka mwenyewe si wangu, niseme hilo pia kabla mtu hajaenda kushika wake shambani. Ni wa binamu yangu anayeishi na shangazi huku Rongai. Ana kibali cha KWS, maana huwa anawapeleka nyoka mashuleni kufundisha watoto. Hapa Kenya nyoka ni mnyamapori, sawa na simba. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haijali kama ulimpata chini ya jiwe kwenu ushago. Kumfuga bila kibali ni kosa, hata kama unampenda aje.

Tunamwita Tambi. Ni yule nyoka wa kahawia wa nyumbani, ana mistari ya rangi ya maziwa kando ya kichwa, hana sumu, chakula chake ni panya na mijusi. Wakati huo alikuwa mtoto, mwembamba kama penseli, akiishi kwenye kontena ya plastiki iliyotobolewa vishimo vya hewa. Mimi nikamwonea huruma. Ndio nilikuwa nimelipwa pesa yangu ya kwanza ya maana kutokana na video, nikasema, manze, huyu naye apate jumba.

Shida ni kwamba nilichagua kwa macho ya kamera. Fundi aliniuliza vizuri tu, "Ni cha sungura ama cha kuku?" Nikamwambia atengeneze kikubwa, kionekane ndani pande zote. Akatengeneza. Urefu mita moja na nusu, mbao zimepigwa vanishi, waya wa kuku pande zote nne hadi juu. Video ilitoka fiti.

Sasa, waya wa kuku una matundu ya kuzuia kuku. Nyoka hana mabega, hana makalio. Tundu likipitisha kichwa chake, mwili wote utafuata, labda awe amemeza kitu kikubwa. Na Tambi alikuwa hajala.

Tulimtafuta siku tatu. Shangazi alilala na taa ikiwaka na suruali ameiingiza ndani ya soksi. Siku ya pili habari zikafika ploti nzima, na jirani wa mlango wa tatu akaja kusimama pale nje na panga, hata hajakasirika. "Mwanangu, mimi sina shida na nyinyi," aliniambia. "Lakini huyo akiingia kwangu, siulizi kibali."

Nilifungua mdomo nimwambie hana sumu, nikaufunga. Mama wa watu ana mtoto anayetambaa. Nani atamulika sakafu usiku na tochi ya simu aanze kuhesabu mistari kichwani mwa nyoka? Nchi hii ina moma, ina swila, ina koboko, na watu wanakufa kweli. Tunapenda kuwacheka watu wanaoogopa nyoka, ati ni washamba. Mimi niliacha siku hiyo. Yeye hakuwa na kosa, na Tambi pia hakuwa na kosa, na bado mmoja wao angeumia kwa sababu mimi nilitaka kionekane ndani pande zote.

Binamu alimpata nyuma ya friji, amejikunja karibu na mota. Ilikuwa Julai, na baridi ya Rongai mwezi huo mnaijua. Pua yake ilikuwa imechubuka. Inaonekana alikuwa ameisugua kwenye waya kabla ya kupata tundu la kumtosha. Nyoka akitaka kutoka husukuma kwa pua, na waya mkali humtoa magamba, kisha kidonda kinaweza kuingia uchafu mpaka mdomoni.

Binamu hakunigombeza, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Alinieleza tu kwamba hata Tambi angebaki ndani, lile jumba lingemwumiza. Nyoka hawezi kujipasha joto mwenyewe. Anataka upande mmoja uwe na joto, nyuzi 30 hivi, na mwingine uwe baridi kidogo, ndio achague. Ukimzungushia waya mtupu, joto lote la balbu linaenda kupasha sebule ya shangazi. Kizimba cha namna hiyo afadhali umpe kinyonga, yule anapenda hewa ipite.

Kwa hivyo tukaanza upya. Nilizunguka hadiwea tatu na penseli mfukoni. Ya kwanza wakanionyesha ule waya wanaouita kofi-trei, wa kuanikia kahawa. Mzuri, mgumu, lakini penseli ikapita. Muuzaji akaniangalia vile unaangalia mtu amepotea. Ya tatu ndio nikapata wenye matundu madogo kabisa. Plaiwudi ikaenda nyuma na kando, kioo cha kusukuma mbele, waya tukauweka juu na kwenye vidirisha viwili tu. Tuliupigilia kutoka ndani, kisha tukafunika ncha zake kwa vipande vya mbao zisimkwaruze. Balbu nayo ikapata kikapu chake cha waya, maana nyoka hujizungusha kwenye balbu ya moto mpaka anaungua.

Ukubwa tuliuacha uleule, kwa sababu akikomaa anaweza kufika karibu mita moja, na mimi siamini katika kufuga kitu ambacho hakiwezi kujinyoosha. Ila mtoto wa nyoka ukimwachia uwanja mtupu anaogopa, anakataa hata kula. Tukamjazia magome ya miti, trei za mayai, na maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi. Sasa ukija kumwona unaona trei za mayai. Kwa video ni bure kabisa.

Lile jumba la kwanza, shangazi analifugia kuku.

Tulipomaliza nilienda kumwita jirani aje akague mwenyewe. Alikuja na mtoto mgongoni. Akavuta waya kwa kidole, akasukuma kioo, akatingisha kufuli. Kisha akainama, akaangalia mahali kioo kinapokaa kwenye reli.

"Na hapa chini?"

Binamu naye akainama. Kulikuwa na mwanya. Nikatoa penseli, ikapita.

Tuliuziba palepale, yeye amesimama anaangalia.