Ngome ya Gwalior na Sifuri ya Hekaluni

Msafiri atokaye Agra kuelekea kusini hufika Gwalior baada ya mwendo wa kiasi cha kilomita 120. Jambo la kwanza aonalo ni ngome: jabali la mawe ya mchanga lenye urefu wa karibu kilomita 3, limeinuka kiasi cha mita 100 juu ya mji, na kuta zimelizunguka kileleni. Wengi wameigombania ngome hii. Sultani Iltutmish wa Delhi aliitwaa mwaka 1232; baadaye ikawa mikononi mwa wafalme Wahindu wa ukoo wa Tomar; kisha Wamoghuli wakaitwaa na kuifanya gereza la wakubwa. Humo ndimo alimouawa Murad Bakhsh, ndugu yake mfalme Aurangzeb, mwaka 1661.

Tulipanda kwa miguu kwa njia ya mashariki. Kabla ya kulifikia lango la juu pana hekalu dogo lililochongwa katika jabali lenyewe, liitwalo Chaturbhuj. Wapitao wengi hawalijali, lakini ndilo hasa tulilolikusudia. Mna maandishi ya mwaka 876 yaelezayo kuwa hekalu limewekewa bustani ya dhiraa 270 kwa 187, ili litoe mashada 50 ya maua kila siku. Habari hizi si ngeni kwetu, sisi tujuao wakfu za misikiti. Ajabu imo katika tarakimu: 270 na 50 zimeandikwa kwa sifuri, kiduara kidogo kama tukiandikavyo leo. Ni mojawapo ya sifuri za kale kabisa zilizochongwa katika mawe.

Yafaa tukumbuke jinsi kiduara hiki kilivyotufikia. Katika karne ya 9, mwanachuoni al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika kitabu cha kufundisha hesabu ya Kihindi, na kitabu hicho kilipofasiriwa kwa Kilatini, Wazungu nao wakajifunza. Waarabu waliiita alama hiyo sifr, maana yake tupu, na kutoka kwao Kiswahili kikapata neno sifuri. Vivyo hivyo al-Biruni, katika karne ya 11, alijifunza Kisanskriti na kuandika kitabu kikubwa juu ya elimu na itikadi za Wahindu. Wazee wetu hawa hawakuiacha Tauhidi yao hata kidogo. Walitwaa elimu, wakaiacha ibada.

Juu ya ngome tuliona jumba la mfalme Man Singh, lililopambwa kwa vigae vya buluu vyenye sura za bata na tembo. Na mahekalu mawili ya karne ya 11 yaitwayo Sas-Bahu, yaani mama mkwe na mkamwana. Na hekalu la Teli ka Mandir, lenye kimo cha kiasi cha mita 30.

Tukateremka kwa upande wa magharibi, katika bonde la Urvahi. Huko masanamu ya Wajaini, ya karne ya 15, yamechongwa katika ubavu wa mlima, mengine marefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Katika miaka ya 1520 mfalme Babur aliamuru yaharibiwe, naye mwenyewe akaliandika jambo hilo katika kitabu cha maisha yake. Nyuso zikakatwa. Baadaye Wajaini wakayatengenezea baadhi yake vichwa vipya kwa chokaa, na masanamu yangali yamesimama.

Basi, msomaji mpendwa, mlima mmoja watuonyesha njia mbili ambazo Waislamu walizishika mbele ya mambo ya wengine. Aliyetuma nyundo hakumwongoa mtu, wala hakuliondoa sanamu. Waliojifunza waliufaidia ulimwengu mzima. Na Qur'ani Tukufu, katika Sura ya al-An'am, imetukataza kuwatukana wale waombwao na wengine badala ya Mwenyezi Mungu; sembuse kuwaumiza majirani zetu kwa nyundo.

Mtoto anapofanya hesabu zake nyumbani, na kalamu yake ikafika kwenye sifuri, mzazi na amweleze imetoka wapi na nani waliileta. Hilo ni somo la hesabu, na ni somo la adabu pia.