Uvimbe, au mshipa wa kuzaliwa nao? (Sehemu ya 6)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye presha ya mimba. Leo naleta kosa langu mwenyewe, kwa sababu najua na nyie mnatumiana majibu ya vipimo kwa simu.

Mdogo wangu yuko hapahapa Kawajense, ana watoto wawili. Kichwa kilimsumbua miezi, upande mmoja, mwanga hautaki. Akafanyiwa CT scan kwa ile dawa inayochomwa mshipani. Nikarushiwa picha ya karatasi: doa linalong'aa pembeni mwa ubongo, "meningioma au hitilafu ya vena, afanyiwe MRI".

Mimi, nesi mzima, nikashika neno la kwanza tu. Alikuwa ametumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa miaka, na nilishasoma utafiti wa Ufaransa wa 2024 uliohusisha sindano hiyo, ikitumika zaidi ya mwaka, na meningioma. (Bado ni ugonjwa wa nadra, usiache njia yako kwa posti yangu. Muulize mtoa huduma wako.) Nikajumlisha mwenyewe, nikampigia mama: "Ni uvimbe."

Kufikia Jumapili mama kauza magunia manane ya mpunga. Ukweni wakaanza kuulizana watoto watakaa kwa nani. Mdogo wangu hakuuliza kitu. Alimwachisha mtoto ziwa, eti azoee mapema.

Sasa tuelewane. Meningioma huota kwenye utando unaofunika ubongo, uleule unaoshambuliwa na homa ya uti wa mgongo. Hukua taratibu, mara nyingi si kansa, na huwapata zaidi wanawake. Ikiwa kubwa, inausukuma ubongo.

Hitilafu ya vena ya kuzaliwa nayo si uvimbe. Ni mishipa ya kurudisha damu iliyojipanga tofauti: vijishipa vyembamba vinakutana kwenye mmoja mnene, kama mizizi ya mhogo shinani. Haisukumi kitu, na kwa kawaida haiguswi, maana sehemu nzima ya ubongo inategemea njia hiyo. Ukiikata, unaumiza ubongo mzima usio na shida. (Ipo nyingine, kavernoma, hiyo inaweza kuvuja damu. Tutaijadili siku yake.)

Kwenye CT scan zote mbili zaweza kung'aa dawa ikiingia. MRI ndiyo inaonyesha vizuri kama kitu kimekaa kwa upana juu ya utando, au ni mshipa unaopita ndani ya ubongo.

Tukapanda treni hadi Tabora, halafu Dar. MRI ikafanyika. Ni mshipa. Kichwa chenyewe ni kipandauso, akapewa dawa.

Lakini msinielewe vibaya. Kichwa kinachozidi asubuhi na kutapika, kifafa kwa mtu mzima asiyekuwa nacho, mkono au mguu kulegea, macho kufifia: nenda hospitali leo. Ukiwa mjamzito na kichwa kinauma sana, ukapimwe presha siku hiyohiyo.

Mpunga tuliununua tena Februari, kwa bei ya Februari. Mtoto ndiye hakurudi ziwani. Alikuwa na miezi 11.