Ami Yangu Hajui Kiingereza, na Alinishinda

Ngoja niwaambie kitu ambacho sijawahi kukisema: nilikuwa namcheka ami yangu kwa Kiingereza chake.

Ami ana boti pale Bodo. Anapeleka wageni Funzi, anawazungusha kwenye mikoko, na wakitaka kuona mamba anawaingiza Mto Ramisi. Shule aliachia darasa la sita. Mimi nimetoka chuo kikuu. Sawa, nimeacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, msinikumbushe. Lakini Kiingereza ninacho. Kwa hivyo niliporudi nyumbani nikamwambia, "Ami, wageni niachie mimi. Wewe shika mashine." Akacheka tu. "Haya mwanangu, ongea nao."

Siku moja wakaja mzee na mkewe, Wajerumani, umri wa nyanya yangu hivi. Nikaanza: karibuni, boti ni salama, leo tunatafuta pomboo kule nje bahari kuu. Kiingereza kimenyooka kama cha mtangazaji wa redio. Nikawauliza kama wako sawa. Yule mama akajibu, "Okei." Nikaona kazi imeisha.

Ami alikuwa kimya kule nyuma, anamwangalia yule mama. Kisha akamsemesha kwa Kijerumani. Si cha darasani, ni kile alichookota ufuoni Diani enzi za ujana wake, neno moja moja, akiuza vinyago. Yule mama akageuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Akaongea weee, mkono kifuani. Kumbe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa moyo, mawimbi yanamtia hofu, ila hakutaka kumharibia mumewe safari. Ami akanigeukia: "Leo pomboo hakuna. Tunapita ndani ya mikoko, maji yametulia."

Ile okei niliyopewa mimi ilikuwa ya adabu tu. Mimi na yeye tulikuwa tunaongea lugha ya kuazima, na kwenye lugha ya kuazima mtu husema anachoweza, halafu anachotaka kusema anabaki nacho moyoni.

Najua mtaniambia: dunia nzima inaongea Kiingereza, ya nini kujisumbua? Tena simu siku hizi inatafsiri. Kwanza, njoo ndani ya mikoko utafute mtandao, ukiupata nipigie. Pili, simu inatafsiri kile mtu alichosema. Yule mama hakuwa amesema kitu.

Hebu tuongee pesa pia, manake najua ndiyo mnayoisubiri. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ajira na uhamiaji kule Berlin. Vijana tukashangilia, kila mtu anauliza pasipoti. Lakini nesi anayetaka kufanya kazi kule, kwa kawaida anatakiwa awe na Kijerumani cha kiwango cha B2. Na ina maana. Mgonjwa mzee akiamka usiku na maumivu, halii kwa Kiingereza ili wewe umwelewe.

Kuna upande mwingine unaoniuma zaidi. Dadangu alienda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Aliambiwa Kiingereza kidogo kitamtosha. Miezi ya kwanza jino likamsumbua, na hakujua kusema kwa Kiarabu kwamba jino linamuuma. Akawa anaonyesha mdomo kwa kidole. Wakadhani ana njaa, wakamletea chakula. Na huyu ni mtu aliyesoma madrasa tangu mdogo, herufi za Kiarabu anazijua zote! Anasoma vizuri kabisa, lakini hawezi kusema "naumwa". Aliyemfundisha kuongea ni mtoto wa nyumba ile, wakicheza. Leo anadai mshahara wake mwenyewe, kwa mdomo wake, bila mtu wa kati.

Sasa kinachonishangaza ni pale sisi tunaposema lugha ni ngumu. Sisi kina nani? Nyanya yangu pale Bodo anaongea Chifundi nyumbani, Kidigo na majirani, Kiswahili akienda hospitali Msambweni. Lugha tatu kabla ya chai ya saa nne, na hakuna aliyewahi kumwita msomi. Hata Kiswahili chenyewe kimejifunza kwa watu: meza tumeichukua kwa Wareno, kitabu kwa Waarabu, na shule kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika. Yani hata nikisema nimeacha shule, kuna Kijerumani ndani yake.

Sisemi mtupe Kiingereza. Mimi na ami tumeingia mkataba wetu: mimi namsomea na kumjibia meseji za wateja wanaoandika kwa Kiingereza, yeye ananifundisha Kijerumani jioni tukiosha boti. Sarufi hana, matusi anayo mengi, na hayo pia nimeyaandika kwenye daftari.

Neno la kwanza alilonipa ni *langsam*. Polepole. Ndilo analowaambia wazee wanapopanda boti, maana ngazi huwa inateleza. Wiki iliyopita nikalisema kwa mara ya kwanza, kwa babu mmoja aliyekuwa anatetemeka miguu. Hakunijibu. Alinishika bega, akaniegemea mzimamzima, akapanda.

Miaka miwili nimewaambia wageni wawe waangalifu kwa Kiingereza kizuri kabisa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniegemea.

Wewe je, unaanza na neno gani?