Saint-Malo, mji uliorudi

Wengi mmeniuliza niliona nini Ufaransa nilipokwenda kwa mafunzo ya redio. Leo nitasimulia mji mmoja tu: Saint-Malo, bandari ya zamani huko Bretagne.

Nilifika kwa treni siku ya mapumziko. Mji wa kale umezungukwa na ukuta wa mawe, na unaweza kuuzunguka mzima ukitembea juu yake. Ni kutoka bandari hiyo Jacques Cartier alisafiri kwa meli mwaka 1534 hadi Kanada. Bahari ikipwa, watu wanavuka kwa miguu hadi kisiwa cha Grand Bé. Ikijaa, njia inapotea.

Nilidhani nyumba zote ni za miaka mia tatu. Mzee mmoja akacheka: “Nyingi mimi nimezizidi umri.” Mwezi wa 8 mwaka 1944, Wamarekani walipopigana na Wajerumani hapo, sehemu kubwa ya mji iliteketea. Mzee alikuwa mtoto. Familia yake ilikimbia, kisha ikaishi miaka katika nyumba ya mbao. Mji ulijengwa upya kwa mawe, kwa sura ile ya zamani. Kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi.

Niliporudi, nilisimulia hayo kambini. Mama mmoja akauliza: “Na kila mtu alirudishiwa kiwanja chake?”

Nilinyamaza. Nilikuwa na mikro mfukoni siku ile, na swali hilo sikumuuliza yule mzee. Mama, swali lako nimeliandika. Wakubwa wakija kutuambia habari za kurudi nyumbani, nitaanza nalo.