Juisi ya Kiangazi na Hatua Tuliyoiruka

Mpendwa mtahiniwa,

Huenda unasoma ukurasa huu mchana wa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, bati la darasa limepata moto na daftari linanata kwenye mkono. Wenzetu wa Dar es Salaam na Tanga hutucheka tukilalamika joto huku Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu wanatujua kwa makoti yetu ya Juni na Julai. Lakini anayeishi Mbeya au Iringa anafahamu kwamba kabla mvua hazijaanza, jua la saa saba huchoma kweli, vumbi hukaa kooni, na mtu anayesoma kwa saa nyingi huhitaji kitu baridi cha kunywa. Leo nitakueleza namna ya kutengeneza juisi ya mchanganyiko wa matunda nyumbani, hata kama huna blenda wala friji. Nitakueleza pia kisa changu, kwa sababu niliwahi kuitengeneza vibaya, na aliyeumia zaidi hakuwa mimi.

Nilizaliwa Iringa. Mama yangu alikuwa akiuza juisi Ipogolo, kule bondeni karibu na mto Ruaha Mdogo, ambako hupita mabasi ya barabara kuu ya kwenda Mbeya. Vifaa vyake vilikuwa sufuria moja kubwa, kisu, mwiko, chujio na mtungi wa udongo. Kila alfajiri alianza na kazi ambayo mimi niliiona ya ubahili. Alisugua nanasi kwa brashi, akalimenya, kisha badala ya kutupa maganda aliyatia kwenye sufuria ya maji pamoja na tangawizi iliyopondwa, akayachemsha. Siku moja nilimuuliza sababu. Akanijibu, “Yana utamu wake, mwanangu. Usitupe.” Hakusema zaidi ya hapo, nami sikuuliza tena.

Nilipofaulu darasa la saba nilipelekwa kusoma Mbeya, nikakaa kwa mjomba. Nilipofika kidato cha nne, mwaka 2006, tulihamia chumba cha kupanga tukiwa vijana watano ili tuwe karibu na shule. Utakumbuka kutoka kwa wazazi wako kwamba mwaka ule ulikuwa wa ukame na mgao wa umeme. Maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yamepungua sana. Tulisoma kwa kibatari na kupika kwa mkaa. Maji ya bomba nayo yalikuja siku moja na kukatika siku mbili.

Jumamosi moja, zikiwa zimebaki siku mbili tu mtihani uanze, jua lilikuwa kali mno. Tulichanga fedha, nikatumwa soko la Mwanjelwa kununua nanasi, maembe na pasheni. Mimi ndiye niliyejulikana kuwa mtoto wa muuza juisi, kwa hiyo kazi nikapewa mimi. Nilimenya, nikakata, nikaponda. Mwenzangu niliyelala naye kitanda kimoja akaniuliza, “Kaka, maji hatuchemshi? Kwenu si mnachemsha?”

Nikamjibu, “Nyumbani wanachemsha maganda kwa sababu ya utamu tu. Sisi tuna sukari. Mkaa uliobaki ni wa ugali wa usiku.”

Maji yalikuwa yametoka asubuhi ile baada ya kukatika, na ndoo ya kwanza ilikuwa na rangi ya chai hafifu. Tuliyaacha yakatulia, tukachota ya juu. Juisi ilikuwa tamu. Wanne tulikunywa tukaimaliza. Wa tano alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Alirudi akakuta ndoo tupu akanuna.

Usiku wa Jumapili tulianza kuharisha mmoja baada ya mwingine. Yule wa kwaya peke yake ndiye aliyelala salama. Asubuhi watatu tulijikongoja hadi kwenye chumba cha mtihani. Mwenzangu wa kitanda hakuweza kusimama. Alipelekwa hospitali akatundikiwa dripu, na kwa siku alizolazwa alikosa karatasi mbili. Hakuna aliyeipima juisi ile, maana hatukubakiza hata tone. Lakini wewe unayejifunza kutoa hitimisho kutokana na ushahidi, pima mwenyewe: wanne walikunywa, wanne wakaugua, mmoja hakunywa, hakuugua.

Mwaka uliofuata alirudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Baba yake aliuza magunia mawili ya mahindi ya chakula cha nyumbani ili kumlipia ada na nauli. Alifaulu, na leo ni fundi umeme mwenye familia yake. Tangu siku ile hajawahi kunilaumu hata kwa utani. Wakati mwingine natamani angenilaumu.

Nilipokwenda likizo nilimsimulia mama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mimi nilidhani unajua.” Hapo ndipo nilipoelewa. Sufuria lile la maganda lilikuwa na kazi mbili. Mama alitaja moja, utamu, kwa sababu ndiyo niliyoweza kuionja. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi: maji yote ya juisi yake yalikuwa yamechemka kabla hayajagusa tunda. Mimi niliiruka hatua nzima kwa sababu nilijua nusu tu ya maana yake. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende; lakini mwiba wangu uliota kwenye mguu wa mwenzangu.

Sasa tutengeneze juisi yetu vizuri. Kwa lita mbili hivi, andaa nanasi moja bivu, maembe mawili, pasheni nane, ndimu moja, kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa kidole gumba, maji lita moja na nusu, na sukari vijiko vitatu au vinne vya chakula ukipenda.

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni, kisha osha matunda kabla ya kuyakata, hata yale utakayoyamenya. Uchafu ulio kwenye ganda hubebwa na kisu hadi ndani ya nyama ya tunda. Nanasi lisugue kwa brashi, kwa sababu udongo hujificha kwenye macho yake.

Pili, menya nanasi, weka maganda kwenye sufuria pamoja na tangawizi na maji, ufunike na kuchemsha kwa dakika kama ishirini. Usiepue mara tu uonapo mvuke. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Iringa haiko mbali na hapo. Kwenye mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa pwani, hivyo maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi joto kama 94 badala ya 100. Joto hilo linatosha kuua vijidudu vinavyoleta kuhara, mradi uyaache maji yatokote kwa dakika kadhaa. Somo la Fizikia ulilokariri linaishi jikoni kwenu.

Tatu, chuja maji hayo kwenye chombo safi, funika na uyaache yapoe. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa na uvumilivu. Kama kuna mtungi wa udongo, osha, suuza kwa maji yaliyochemshwa, kisha mimina humo. Maji kidogo hupenya kwenye vitundu vya udongo, yakageuka mvuke kwa nje na kuondoka na joto. Hewa kavu ya kiangazi huifanya kazi hiyo iende haraka, ndiyo maana mtungi hupoza vizuri Oktoba kuliko Machi.

Nne, wakati maji yanapoa, kata nanasi na maembe vipande vidogo, uviponde kwenye bakuli kwa mwiko safi. Mwenye blenda aitumie. Pasheni zipasue, ukamue kwenye chujio kwa kijiko na uache mbegu. Ukizisaga mbegu kwa blenda kwa muda mrefu, juisi huwa chungu. Changanya vyote na maji yaliyopoa, kamulia ndimu, chuja, onja, ndipo uongeze sukari. Maembe yakiwa bivu sawasawa, hutaihitaji.

Matunda hubadilika kulingana na ulipo. Kama uko Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, maembe hayakupi shida. Kama uko Rungwe, una maparachichi. Ponda moja ukachanganye na pasheni, utapata juisi nzito inayoshibisha. Tia ndimu mapema, maana parachichi likikutana na hewa hubadilika rangi kuwa kahawia. Ukipita Ruaha Mbuyuni utaona mibuyu pande zote za barabara. Unga wa ubuyu ulioloweshwa kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa huipa juisi uchachu mzuri. Ila usichanganye nanasi bichi na maziwa kisha ukaacha yakae. Nanasi lina kimeng’enya kinachovunja protini za maziwa, na mchanganyiko huo huganda na kuwa mchungu.

Juisi isiyo na friji inywewe siku hiyo hiyo. Ukiona mapovu madogo na harufu ya pombe, hamira ya asili imeanza kazi, mwaga. Barafu ya kununua mtaani nayo ni maji, kwa hiyo uliza imetengenezwa kwa maji gani. Na mtu akishaanza kuharisha, usimpe juisi ukidhani ni tiba. Mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazisha, kisha awahishwe kituo cha afya.

Mtahiniwa, kila mwaka nikisahihisha insha na majibu ya maelezo nakutana na kosa langu la 2006. Mwanafunzi ameulizwa aeleze hatua za kufanya jambo. Anaandika ya kwanza, anaruka ya pili, anamalizia na ya tano. Nikimwita kumuuliza, husema, “Mwalimu, ile niliona ni ndogo.” Mara nyingi si kwamba hatua ni ndogo, ila hajaelewa inafanya kazi gani. Ukikutana na hatua usiyoijua maana yake, iwe kwenye kanuni, kwenye jaribio au jikoni kwa mama yako, uliza. Uliza mara ya pili kama jibu la kwanza lilikuwa fupi. Mimi niliuliza mara moja nikaridhika.

Wiki moja kabla ya mtihani huwa nachemsha maganda ya nanasi kwenye sufuria kubwa pale nyumbani, na wanafunzi wanaopita kuuliza maswali hupata kikombe. Wapo wanaoniambia kwamba ningeokoa mkaa. Nawaketisha chini, nawasimulia kisa hiki, kisha tunaendelea na maswali yao.

Nakutakia afya njema na mtihani mwema.

Maswali ya kujipima

1. Mwandishi anasema alijua “nusu tu” ya maana ya kuchemsha maganda. Taja nusu aliyoijua na ile ambayo hakuijua.
2. Ni ushahidi gani unaoonesha kwamba juisi ndiyo iliyowaugua vijana wale? Je, unatosha? Toa sababu.
3. Eleza maana ya methali “mdharau mwiba mguu huota tende” kama ilivyotumika katika insha hii.
4. Andika insha isiyopungua maneno 250 ukieleza hatua za kutengeneza kinywaji au chakula cha nyumbani kwenu. Kwa kila hatua, taja kazi yake.