Baba, mwana na Land Rover iliyochemsha Kitonga

Kwa miezi minne kijana wa kidato cha tatu alivaa shati la mikono mirefu hata jua la Morogoro lilipokuwa kali. Baba yake alijua sababu. Mama alijua, wadogo zake pia walijua. Hakuna aliyeizungumza.

Chini ya shati hilo kulikuwa na kovu la maji ya moto, kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko.

Yote yalianzia kwenye gari la baba. Ni Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, iliyotumika jeshini kabla ya kuuzwa mnadani. Baba mwenyewe ni askari mstaafu, na alipoliona siku ya mnada alisema hilo ndilo gari lake la uzeeni. Nje lilipakwa rangi nyeupe, lakini ukifungua boneti utakuta kijani cha zamani bado kipo.

Mwezi Desemba familia ilikuwa safarini kwenda Iringa kumwona bibi. Walipita Mikumi, wakapita Ruaha Mbuyuni, na walipoanza kupanda Kitonga mshale wa joto ukaingia kwenye nyekundu. Mvuke ukatoka chini ya boneti. Baba akasimama pembeni, mahali pembamba, malori nyuma yakipiga honi.

"Fungua rejeta! Unangoja nini?" alimfokea mwanawe.

Kijana akashika mfuniko kwa kitambaa na kuuzungusha. Maji ya rejeta injini inapokuwa ya moto huwa yamebanwa kwa presha. Mfuniko ukilegea, presha inaachia ghafla na maji yanaruka juu pamoja na mvuke. Ndivyo ilivyokuwa.

Watu walikuja mbio. Mmoja alitoa dawa ya meno, mwingine mafuta ya kula. Mama aliwashukuru wote na kukataa vyote. Alichukua dumu la maji safi waliyobeba kwa ajili ya kunywa, akaumwagilia mkono ule polepole kwa dakika kama 20, kisha akaufunika kwa khanga safi mpaka walipopata gari la kuwafikisha hospitali. Daktari alisema maji yale ndiyo yaliyozuia kidonda kwenda ndani zaidi.

Baba naye alisema neno moja tu siku ile: "Na wewe ungekuwa mwangalifu."

Neno hilo lilikaa nyumbani miezi minne. Kijana aliendelea kumwamkia baba yake asubuhi, akaitika alipoitwa, akafanya alichotumwa. Zaidi ya hapo hakusema kitu.

Gari nalo lilibaki uani. Baba alikuwa ameanza kutafuta mnunuzi, mpaka asubuhi moja ya Jumamosi kijana alipokuja mezani na kile kitabu cha ufundi cha Kiingereza kilichokuja na gari, ambacho hakuna aliyewahi kukisoma.

"Baba, hili gari halina themostati."

"Fundi aliitoa zamani. Ilikuwa imeganda. Alisema nchi ya joto haihitaji kitu hicho."

"Kitabu kinasema inahitaji."

Akaeleza. Themostati ni mlango mdogo kati ya injini na rejeta. Ndani yake kuna nta maalumu. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini yenyewe ili ipate joto upesi. Joto likifika kiwango chake, nta inayeyuka na kutanuka, inasukuma mlango, na maji yanakwenda kupozwa kwenye rejeta. Ukiitoa, asubuhi injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta mengi na oili inachafuka haraka. Tena injini ile ina njia ya pembeni ya maji. Bila themostati, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na hilo huonekana gari linapopanda mlima likiwa na mzigo.

Baba alikaa kimya. Jeshini angemwadhibu askari aliyetoa kifaa kwenye gari bila kuuliza kazi yake.

Siku hiyohiyo walikwenda mjini wakanunua themostati mpya na gasketi yake. Kabla ya kuifunga, kijana alitaka kuipima. Mama alisikika akiuliza ni nani aliyechukua sufuria yake ya ugali. Waliining'iniza kwa uzi ndani ya maji, pamoja na kipimajoto, visiguse chini ya sufuria. Imeandikwa nyuzi 82. Maji yalipofika hapo, mlango ukaanza kuachia kidogo. Yalipokaribia kuchemka, ulikuwa wazi kabisa. Walipoitoa, ikajifunga yenyewe.

"Inafanya kazi peke yake," alisema baba, kwa sauti ya mtu aliyeendesha magari miaka 30 bila kukiona kitu hicho.

Injini ikiwa ya baridi kabisa, walimwaga maji ya rejeta na kuyaona yakitoka mekundu kwa kutu. Wakaisafisha kwanza. Bolti za kifuniko zilikuwa zimeshika, nazo ukizilazimisha hukatika, hivyo walizitia mafuta na kungoja. Kijana akakwangua gasketi ya zamani, akaiweka themostati upande wa nta ukielekea injini, akakaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo. Baba alishika tochi.

Wakajaza maji na kulanti, wakawasha. Kijana alirudi nyuma hatua mbili. Baba aliona.

"Kitabu kinasema tujue vipi kama imefunguka?" aliuliza.

"Unashika mpira wa juu wa rejeta. Unakuwa wa baridi, halafu ghafla unapata moto."

Baba akatangulia kuweka mkono wake. Baada ya muda kijana akasogea, akaweka wa kwake pembeni. Walingoja. Mpira ulikuwa wa baridi, wa baridi, kisha joto likapita chini ya viganja vyao.

"Imefunguka," alisema kijana.

"Mwanangu," alisema baba, mkono ukiwa bado pale, "siku ile Kitonga nilikosea. Mfuniko ule haukuwa kazi yako, na kosa halikuwa lako. Nisamehe."

Kijana hakujibu mara moja. Alifuta mikono kwa tambara. "Sawa, baba," akasema. Jioni ile alikula na wenzake akiwa na fulana.

Mwezi Juni walikwenda tena Iringa. Katikati ya Kitonga mshale ulipita kidogo katikati, mbali na nyekundu.

"Baba, tupumzike," alisema kijana.

Baba akatafuta mahali pa kuegesha, akazima gari. Hakuna aliyegusa mfuniko. Walikula machungwa nusu saa nzima. Lori lililopita nyuma yao lilipiga honi kwa nguvu.

"Acha lipige," alisema baba.